Unga wa Duka Umetiwa Virutubishi: Je, Unga wa Kinu Chetu?

Mkulima mwenzangu, ukienda dukani Garissa mjini ukanunua mfuko wa kilo 2 wa unga wa mahindi, utazame vizuri kabla ya kuufungua. Ubavuni mwake utakuta orodha ya maneno mageni: vitamini A, vitamini za namna ya B, asidi ya foliki, chuma, zinki. Maneno hayo hayakuwekwa kwa mapambo. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inamlazimu mwenye kiwanda auzaye unga wa mahindi uliopakiwa kuutia virutubishi hivyo kwa kipimo, kama vile chumvi inavyotiwa iodini ili watu wasiote rovu shingoni.

Sasa chukua debe la mahindi uliyoyalima mwenyewe kando ya Tana, ulipeleke kwenye kinu cha posho. Unga utakaotoka humo hauna hata chembe ya kitu kilichoongezwa. Sheria inasema unga uliopakiwa. Haimgusi mtu anayesagiwa mahindi yake mwenyewe kwa malipo ya debe au ya kilo. Basi mtu wa mjini anayenunua unga amekingwa, na wewe unayelima mahindi hukukingwa. Jambo hili ndilo nitakalo tulizungumze mwezi huu, maana naliona si la haki, na tena naona kulitengeneza si kazi ya kutushinda.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi mahindi yalivyotujia. Wengi wetu katika skimu za Tana, na hata wale wa Mto Daua kule Mandera na Rhamu, si wakulima wa asili. Baba zetu waliishi kwa maziwa ya ngamia na ya ng'ombe, na nyama, na samli, na nafaka kidogo ya kununua. Ukame ulipomaliza mifugo, watu walikuja mtoni. Mambo hayo si ya zamani tu: kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mvua 5 mfululizo zilishindwa, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa katika kaunti kavu za Kenya. Mtu aliyehama kutoka malishoni akaja kwenye mfereji alibadilishana maziwa na mahindi. Tumbo hushiba vilevile, pengine kuliko mwanzo. Lakini mahindi hayana kila kitu kilichomo katika maziwa, na mwili hutambua tofauti hiyo hata kama tumbo halitambui.

Kuna nchi iliyojifunza jambo hili kwa msiba mkubwa, nayo ni Marekani. Katika majimbo ya kusini, miaka ya 1900 mwanzoni, ulizuka ugonjwa uitwao pelagra. Ngozi ya mikono na shingo ilibabuka kama iliyoungua jua, tumbo likaharisha, kisha akili ikavurugika, na wengi wakafa. Hukadiriwa kwamba watu wapatao 100,000 walikufa kabla ya ugonjwa huo kukomeshwa. Madaktari walidhani ni wa kuambukiza. Mwaka 1914 Serikali ilimtuma daktari mmoja, Joseph Goldberger, akaangalie. Yeye aliona jambo dogo ambalo wenzake hawakulitilia maanani: katika nyumba za mayatima na hospitali za wenye wazimu, waliougua ni mayatima na wagonjwa; wauguzi waliolala chini ya paa lilelile hawakuugua. Tofauti yao ilikuwa sahani. Akawapa mayatima maziwa, nyama na mbegu za jamii ya kunde, ugonjwa ukatoweka. Mwaka 1915 akawapa wafungwa waliojitolea katika jela moja ya Mississippi chakula cha mahindi na vitu vichache vya namna hiyo, na katika watu 11, 6 waliingiwa na pelagra wakiwa na afya njema hapo awali.

Waliougua zaidi ni akina nani? Ni wakulima wa kukodi, waliolima pamba. Mwenye shamba aliwataka wapande pamba mpaka kizingitini mwa nyumba, wasibakize kipande cha mboga wala cha kufugia ng'ombe. Wakavuna pamba, wakala unga wa mahindi. Nataka msomaji wa Bura na Hola asimame kidogo hapo. Skimu zile nazo zililimwa pamba kwa miaka mingi. Na hata leo, zao likiwa ni mahindi ya mbegu au jingine la mkataba, mkulima hushawishika kupanda kila futi ya ardhi zao lile moja, kisha akale la dukani.

Dawa ya pelagra ilijulikana mwaka 1937, kuwa ni vitamini iitwayo niasini. Ndani ya mahindi imo, lakini imefungwa hivi kwamba tumbo haliwezi kuifungua. Wenyeji wa Mexico, ambao ndio waliotupa mahindi duniani, walikuwa wakiyachemsha kwa maji ya chokaa tangu kale, na chokaa ile huifungua. Mahindi yalisafiri ulimwengu mzima; ufundi wa chokaa ukabaki kwao. Katika miaka ya 1940 Wamarekani walianza kutia niasini, vitamini nyingine za B na chuma katika unga, na pelagra ikaisha.

Usidhani hayo yamepita. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra zaidi ya watu 17,000, baada ya karanga kukosekana katika posho yao na kubaki mahindi. Sisi wa Garissa, tunaoishi na kambi za Dadaab tangu mwaka 1991, tunajua vizuri maana ya kula kitu kimoja kile kile miezi na miezi.

Tena sisi wenyewe huyapunguzia mahindi yale machache yaliyo nayo. Punje ya mahindi ina ganda, ina kiini, na ina sehemu nyeupe iliyo wanga mtupu. Mafuta, vitamini za B, chuma na zinki kwa sehemu kubwa vimo katika kiini na ganda. Mtu akipeleka mahindi yakakobolewa kwanza ili ugali uwe mweupe kama wa hotelini, hulipa mara mbili, ya kukoboa na ya kusaga, kisha humpa mbuzi pumba. Mbuzi hunenepa. Mimi sina neno na mbuzi, lakini mtoto ndiye angepaswa kutangulia.

Uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2011, kabla ya sheria ile kuanza, ulionyesha kwamba katika kila wanawake 10 wajawazito wa Kenya, 4 walikuwa na upungufu wa damu. Kwa watoto wasiofika umri wa shule, zaidi ya 8 katika kila 10 walipungukiwa na zinki, madini ambayo mtu akiyakosa hachelewi kupatwa na kuharisha na hukawia kukua. Mama mwenye damu kidogo akijifungua mahali ambapo gari la hospitali hulazimika kuvuka laga iliyojaa, damu ile kidogo ndiyo yote aliyo nayo. Kutokwa kidogo tu humtosha kufa.

Halafu kuna asidi ya foliki. Mtoto akiwa tumboni, uti wa mgongo wake hufunga katika siku 28 za kwanza. Siku hizo mama mwenyewe mara nyingi hajajua kwamba ana mimba, wala hajafika kliniki kupewa vidonge. Ikiwa foliki imepungua mwilini, mtoto aweza kuzaliwa na mgongo wazi. Kwa hiyo vidonge vya kliniki, vizuri kama vilivyo, kwa jambo hili huwa vimechelewa. Kinachofaa ni kitu anacholiwa kila siku na kila mwanamke, awe na mimba au asiwe nayo, nacho kwetu ni ugali, soor, uji na anjera. Afrika Kusini iliamuru unga wa mahindi na wa ngano utiwe foliki na virutubishi vingine mwaka 2003, na watoto wa namna hiyo wakapungua kwa kadiri ya 30 katika kila 100. Venezuela ilianza na unga wa mahindi mwaka 1993; walipowapima watoto wa Caracas, waliopungukiwa na chuma walikuwa wameshuka kutoka 37 katika 100 mwaka 1992 hadi 15 mwaka 1994.

Nisifiche kitu: unga huu si tiba ya kila jambo. Malaria na minyoo hula damu pia, na mifereji yetu huzaa mbu kwa wingi. Chandarua kibaki palepale. Wala poda ya vitamini haisafishi mahindi yaliyoota ukungu. Mwaka 2004 sumu ya ukungu, aflatoksini, iliwapata watu 317 upande wa Ukambani na 125 wakafa. Mahindi yasiyokauka hayafai kusagwa, yawe yametiwa kitu au hayakutiwa. Na ndugu wanaolima mahindi ya mbegu wasithubutu hata siku moja kusaga mbegu iliyopakwa dawa ya rangi, hata njaa ikiwa kali namna gani.

Wako watu wasemao kwamba kinachotiwa katika unga ni dawa ya kuzuia uzazi. Ni uvumi mtupu. Vitu vinavyotiwa ni vile vile vilivyomo katika maini, maziwa, mayai na majani mabichi, na sheria imevitaja kimoja kimoja. Tena mwanamke mwenye damu ya kutosha huchukua mimba na kuzaa salama kuliko asiye nayo. Kama mtu alitaka kupunguza watu, angetunyima virutubishi hivi wala asingetuletea.

Swali jingine nalipa heshima kubwa zaidi, nalo ni la uhalali. Vitamini A huharibika upesi, kwa hiyo wenye viwanda huifunika chembe kwa chembe. Wengine hutumia gelatini, ambayo hutoka kwa wanyama. Wengine hutumia wanga au utomvu wa mgunga. Utomvu huo ni wa namna ile ile wanayokusanya ndugu zetu wa Wajir na Mandera na kuuza. Mwislamu ana haki ya kuuliza kifuniko ni cha nini, na anayetaka kutuuzia poda ana wajibu wa kuonyesha cheti cha halali. Hilo ni jambo la kuuliza siku ya kununua. Lisiwe sababu ya kukataa kabla ya kuuliza.

Sasa nirudi kwenye kinu. Wengi husema kazi hii ni ya viwanda vikubwa vya Nairobi na Thika, vyenye mashine za kupima na mabwana wa maabara; kinu cha posho cha mfereji wa pili hakiwezi. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Lakini mwaka 2003 katika kambi ya Nangweshi huko Zambia, walipokaa wakimbizi wa Angola, mashine za kusaga na kuchanganya virutubishi zilifungwa ndani ya kambi yenyewe. Mahindi yalisagwa hapo hapo, yakachanganywa, yakagawiwa. Walipopima damu baadaye, upungufu wa damu kwa watoto ulikuwa umepungua, na hali ya vitamini A kwa vijana imekuwa bora. Kambi ile haikuwa mjini, wala watu wake hawakuwa matajiri kutushinda.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Tanzania, shirika liitwalo Sanku hufunga kifaa kidogo katika vinu vidogo vya vijijini. Kifaa hicho hupima uzito wa kinachosagwa, na kwa kadiri hiyo hudondosha poda yenyewe, bila mtu kupima kwa kijiko. Gharama ya poda wameifikiria kwa akili: hununua mifuko mitupu ya unga kwa wingi na kwa bei nafuu, wakamwuzia mwenye kinu kwa bei ya kawaida ya soko, na ile tofauti ndiyo hulipia poda. Mwenye kinu haongezi senti, na mlaji pia haongezi.

Poda yenyewe inayohitajika ni kidogo ajabu. Kwa tani moja ya unga, yaani karibu magunia 11 ya kilo 90, hutiwa gramu mia chache tu. Sanduku moja la poda laweza kuihudumia skimu ndogo kwa muda mrefu. Kwa hiyo kinachotuzuia si uzito wa mzigo wala urefu wa barabara ya kutoka Nairobi.

Kinachotuzuia, kwa maoni yangu, ni kwamba hakuna aliyeombwa. Serikali ya taifa ilitunga sheria ya unga uliopakiwa ikaishia hapo, maana kiwanda kina anwani na chaweza kukaguliwa, na vinu vya posho ni maelfu. Serikali za kaunti ndizo zinazoangalia kilimo na zahanati huku chini, na kinu kiko katikati ya hivyo viwili: Bwana Shamba humfuata mkulima mpaka gunia linapojaa, muuguzi humpokea mama akiwa amekwisha kupungukiwa na damu, na mahali pale gunia linapogeuka chakula hapana afisa hata mmoja. Naona kaunti zetu, Garissa, Tana River, Wajir na Mandera, zingefanya vema kuvilipia vinu vya vyama vya ushirika kifaa cha kwanza na poda ya mwaka wa kwanza. Fedha hizo zingekuwa ndogo kando ya zile zinazotumika kila mwaka wa ukame kuleta uji wa msaada, ambao nao umetiwa virutubishi hivi hivi. Tunapewa virutubishi tukiwa na njaa, na tunanyimwa tukiwa tumevuna.

Kwa kuwa kaunti haiendi mbio, fanya yako nyumbani. Acha kukoboa, saga punje nzima. Unga wa namna hiyo una mafuta, na katika joto letu hugeuka uchungu upesi, kwa hiyo usisage gunia zima. Saga wa wiki moja au mbili. Unga uliochachushwa, kama wa anjera au wa uji mchachu, hukupa chuma na zinki zaidi kuliko usiochachushwa, maana kuchacha hulegeza kile kinachovifunga. Chai ya rangi uiweke mbali na chakula, saa moja au zaidi, kwa sababu huzuia chuma kuingia mwilini. Najua nagusa kitu kikubwa kwa mtu wa Garissa, lakini sikusema uiache.

Kunde ziwe na mahali pake kila msimu, hata kama ni kwenye matuta ya mfereji. Majani yake ni mboga, mbegu zake hukamilisha mahindi, nazo huvumilia joto ambalo maharage hayalipendi. Viazi vitamu vya rangi ya machungwa vina vitamini A kwa wingi. Zambia mwaka 2012 walitoa kwa wakulima mbegu za mahindi ya rangi ya machungwa, yenye vitamini hiyo ndani ya punje. Sisi rangi hiyo hatuipendi, maana wengi hukumbuka mahindi ya manjano ya msaada wa njaa ya mwaka 1984. Ni haki ya mtu kuchukia ladha ya njaa. Hata hivyo watoto wetu hawakuwako mwaka ule.

Ukinunua wa dukani, hasa miezi kabla ya mavuno, soma mfuko. Si kila kiwanda hutimiza sheria, na unga uvukao mpaka bila kukaguliwa haujulikani una nini. Usinunue mfuko uliokaa juani mbele ya duka wiki nzima, kwa kuwa jua na joto huiua vitamini A.

Kwa wale walio katika kamati za vyama vya ushirika vyenye kinu, nina maombi ya mkutano ujao. Mwiteni afisa wa lishe wa kaunti pamoja na Bwana Shamba, wakae meza moja. Waulizeni kifaa cha kupimia kitapatikana kwa nani, fundi wake akiharibikiwa nacho yuko wapi, na poda ina cheti cha nani. Halafu amueni mambo madogo ambayo ndiyo huua miradi: poda itawekwa wapi pasipo jua wala maji, nani atashika ufunguo, na nani ataandika daftarini kila jioni idadi ya madebe yaliyosagwa na poda iliyotumika, ili hesabu hizo mbili zilingane. Nashauri ufunguo ashike mwanamke, na daftari liandikwe na mtu mwingine.